Umeme na Gari la Mafuta

Kila siku magari makubwa ya mafuta hutoka Dar es Salaam, hupita Chalinze na Morogoro, yakaelekea mikoani na hata nchi za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Watu wengi huyaona yakipita, nao hudhani kwamba kazi ya dereva ni kushika usukani tu. Lakini hatari kubwa yaweza kuwapo hata gari likiwa limesimama, yaani wakati wa kupakia mafuta na wakati wa kuyashusha. Hatari hiyo hutokana na umeme. Si ule wa waya tunaoujua majumbani, bali ni umeme unaozaliwa na mwendo wa mafuta yenyewe.

Jaribu jambo hili. Chukua kitana cha plastiki, uchane nywele zilizo kavu, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vipande hivyo vinarukia kitana. Sababu yake ni kwamba vitu viwili visuguanapo, chembe ndogo sana ziitwazo elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Umeme huu huitwa umeme tuli, kwa kuwa hutulia mahali pake kama haukupata njia ya kupita. Ukizidi kukusanyika, na kitu cha chuma kikikaribia, huruka kwa cheche.

Basi, mafuta yapitapo kwa kasi ndani ya bomba na chujio, hufanya kama kile kitana. Petroli na dizeli hazipitishi umeme vizuri, kwa hiyo umeme huo huchukuliwa pamoja na mafuta mpaka ndani ya tangi. Nalo tangi limekaa juu ya magurudumu ya mpira, na mpira hauruhusu umeme kushuka ardhini kwa urahisi. Hivyo gari zima laweza kujaa umeme bila mtu kuona dalili yoyote. Cheche ndogo, ambayo hata mkono wa mtu hauisikii, yaweza kutosha kuwasha mvuke wa petroli.

Mvuke huo nao una tabia zake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata katika baridi ya sentigredi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la kwetu! Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kukaa mitaroni. Tena hauwaki katika kila hali. Huwaka ukiwa kadiri ya sehemu 1 na nusu mpaka sehemu 7 na nusu katika kila sehemu 100 za hewa. Ukipungua hauwaki, na ukizidi hauwaki. Kwa sababu hiyo tangi lililomwagwa petroli yote laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, maana hewa imeingia na kuchanganyika na mvuke uliobaki. Vivyo hivyo, kupakia dizeli katika tangi lililokuwa na petroli si jambo la kudharauliwa. Dizeli huunyonya ule mvuke mwingi wa petroli na kuupunguza hadi kipimo kinachowaka, na wakati huo huo mwendo wake unaleta umeme.

Sasa tutazame jinsi dereva mwema afanyavyo kazi yake.

Kwanza, husimamisha gari mahali palipowekwa, huzima injini na taa, hufunga breki, na huzima swichi kuu ya betri ikiwa utaratibu wa mahali pale wataka hivyo.

Pili, kabla ya kufungua kifuniko au kuunga mpira wa mafuta, hufunga waya unaounganisha gari na chuma cha bohari kilichounganishwa na ardhi. Huufunga penye chuma kitupu, si penye rangi wala kutu, ili umeme upate njia ya kwenda zake kimya kimya. Waya huo ndio wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa.

Tatu, ikiwa mafuta yanapakiwa kwa juu, bomba hufikishwa chini kabisa ya tangi ili yasirukeruke. Mwanzoni huenda polepole, kiasi cha mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba ufunikwe na mafuta.

Nne, baada ya kupakia husubiri dakika kadhaa kabla ya kuingiza fimbo ya kupimia, ili umeme uliomo ndani ya mafuta upungue.

Tano, yeye na utingo wake huvaa nguo na viatu vilivyoagizwa kwa kazi hiyo, wala hawavui nguo penye mvuke. Simu na viberiti havitumiki hapo. Ngurumo na radi zikikaribia, kazi husimama.

Yote hayo yanatuhusu sisi pia. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, na tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu mjini Morogoro, magari ya mafuta yalipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Moto ukalipuka, na kila mara watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Tafakari: kila jambo ambalo dereva hujizuia nalo bohari, kundi la watu hulifanya kwa pamoja mahali kama pale. Ndoo za plastiki husuguliwa, vyuma hugongwa, pikipiki huwashwa, simu hulia, na hakuna waya hata mmoja uliofungwa ardhini.

Kwa hiyo, ukiona gari la mafuta limepinduka, ondoka upesi kwenda upande upepo unakotokea, waonye wengine, na wapashe habari polisi na zimamoto. Na ukitumwa petroli kituoni, peleka chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kiweke chini ardhini kabla ya kutiwa mafuta. Usikiache juu ya gari wala pikipiki. Wazazi nao wawaambie watoto wao mapema, kwa maana mafuta ya bure ya siku moja hayalingani na uhai wa mtu. Tahadhari kabla ya hatari.