Taa za LED Zinazotupofusha

Ukitembea jioni kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, utakutana na taa nyeupe pe pe pe hadi usijue mtaro uko wapi. Hizo ni LED. Sisi wanafunzi wa kutwa twazijua sana.

LED haina waya wa kuwaka kama balbu ya zamani. Umeme hupita katika kipande kidogo mno kinachotoa mwanga wa buluu, kisha unga wa manjano uliopakwa juu yake huufanya uonekane mweupe. Waliovumbua LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Je, ubaya ni wa LED? La, hasha! Gari lililoundwa nazo lina lenzi zake za kuuzuia mwanga usipande. Shida ni Probox kuchomolewa balbu ya halojeni na kutiwa LED ya dukani. Kile kioo cha nyuma kilipimiwa waya mwembamba uliokaa mahali pake hasa. LED ikikosea milimita chache tu, mwanga hutawanyika. Hata dereva akidimu, ni kazi bure. Anayekuja, mara nyingi boda boda aliyebeba watoto wa shule, huendesha sekunde kadhaa haoni kitu.

Kujua ni rahisi. Usiku, elekeza gari ukutani, dimu taa. Taa nzuri huchora mstari: chini mwanga, juu giza. Ukuta ukiwa mweupe wote hadi paani, fundi arudishe halojeni.