Mkoba Uwe Upande wa Ukuta

Mgeni anayefikia Masaki au Oysterbay, Dar es Salaam, hukuta miti mikubwa, kuta ndefu na mlinzi kila geti, akajiambia huku hakuna vibaka. Ni kweli mchomoaji wa Kariakoo hana kazi huku, maana hakuna msongamano wa kujifichia. Mwizi wa huku huja na pikipiki au gari, na anachotaka ni barabara iliyonyooka, yenye watu wachache. Toure Drive, inayoambaa na bahari, inamfaa sana.

Magari yetu hupita kushoto. Ukitembea ukingo huohuo yanakujia mgongoni, na abiria wa mbele, aliye dirisha la kushoto, anapita umbali wa mkono tu kutoka begani kwako. Wengi hushauri mkanda wa mkoba upitishwe kifuani. Sokoni, sawa. Barabarani sikubaliani nao: mkanda usiokatika hukuburuta pamoja na mkoba. Mimi ni mwongoza watalii, na somo hili nililipata kwa mgeni wangu aliyechubuka kutoka kiwiko hadi bega, kwa ajili ya simu iliyokuwa imeshapasuka kioo.

Basi tembea kulia, magari uyaone yakija, mkoba uushike mkononi upande wa ukuta. Ukivutwa, achia.

Coco Beach Jumapili alasiri, penye familia na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, sina wasiwasi napo sana. Tatizo ni jua. Huzama saa 12 na ushee jioni, na baada ya nusu saa hivi huutambui uso wa anayekuja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na mchanga ulioupitia wakati wa kwenda waweza usiukute wakati wa kurudi. Muulize muuza madafu.

Kurudi, usipande teksi bubu, hasa ya "rafiki" mliyefahamiana dakika kumi zilizopita. Kuna waliozungushwa usiku kucha kwenye mashine za kutolea fedha hadi akaunti ikakauka. Teksi rasmi ina namba nyeupe. Namba ya njano ni ya gari binafsi. Ukiita gari kwa simu, linganisha namba kabla ya kufungua mlango. Polisi ni 112. Na mlinzi wa getini anawajua madereva wa kijiwe cha jirani kwa majina: msalimie, umwombe akuitie mmoja.