Mwuguzi wa Cheti Anapotafuta Shahada kwa Njia ya Haraka

Alfajiri, magari ya abiria yanapoanza kujaa mjini Koboko kwa safari ya Arua, hakosekani mama aliyepakata bahasha kubwa ya khaki, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa. Bahasha hiyo ina vyeti vyake vyote. Tuseme mama huyo ni mwuguzi mwenye cheti, amefanya kazi miaka sita katika kituo cha afya, na mumewe ni askari. Wana watoto wanne. Amesikia kwamba yapo masomo ya haraka yatakayomfikisha kwenye shahada, na fedha aliyonayo ni ya muhula mmoja tu. Ikipotea, haitapatikana nyingine upesi.

Katika kambi za jeshi na nyumba za polisi za West Nile swali lake si geni. Yupo mke mwenye kazi yake ambaye hataki kubaki pale alipo, na wapo wauguzi ambao wao wenyewe huvaa sare. Wote huambiwa na jamaa zao, tena kwa uhakika mwingi, kwamba siku hizi shahada hupatikana kwa mwaka mmoja na nusu. Maneno hayo yana asili yake. Nchini Marekani mafunzo ya namna hiyo yapo, ya miezi 12 hadi 18, lakini yamewekwa kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine na amekwisha kusoma masomo ya msingi kama vile elimu ya viungo vya mwili. Mwenye cheti cha uuguzi hahusiki nayo.

Yafaa basi ngazi ya hapa nyumbani ieleweke. Uganda, mwuguzi wa cheti husoma miaka miwili na nusu baada ya kidato cha nne, akiwa amefaulu Kiingereza, hesabu, biolojia, kemia na fizikia. Kutoka cheti huenda kwenye diploma kwa kozi ya nyongeza ya miezi 18, akiwa ameandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga na amepata uzoefu wa kazi. Mwenye diploma ndiye anayeweza kuomba masomo ya kukamilisha shahada, ambayo ni mafupi kwa kuwa yale aliyokwisha kujifunza huhesabiwa. Hiyo ndiyo njia ya haraka iliyopo. Kijana atokaye kidato cha sita husoma shahada miaka 4, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini.

Wengi hukosea hesabu hapo, kwa sababu cheti hakirukii shahada. Mama wa Koboko atahitaji miezi 18 ya diploma, kisha muda wa kazi ikiwa chuo kinaudai, kisha miaka miwili na nusu au mitatu ya kukamilisha. Jumla yake haipungui miaka minne. Ikiwa zamani alimaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri biolojia na kemia, naye akayaweka matokeo hayo sandukuni baada ya kukosa nafasi, hana budi kuyatoa na kuyapima tena. Huenda njia ya miaka 4, ambayo huitwa ndefu, ikawa haimzidi sana yule aliyepita kwenye diploma. Tofauti kubwa ni kwamba anayepita kwenye diploma hupata kipindi cha kufanya kazi katikati, na kwa nyumba yenye watoto wanne kipindi hicho ni ada na unga.

Kuhusu mahali pa kusomea, West Nile haina haja ya kuona haya. Arua ina Shule ya Uuguzi na Ukunga ya serikali, na kusini mwa mji, kwenye barabara iendayo Vurra, ipo shule ya Hospitali ya Kuluva, ambayo mizizi yake ni ya misheni. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kilianzishwa mwaka 2013, nacho kina shahada ya uuguzi. Mwenye diploma na aende kwa msajili wa chuo kuuliza kama mwaka huo wametangaza nafasi za watu wa diploma, ni ngapi, na wanasamehewa masomo yapi. Jibu lake na liwe la maandishi.

Kampala ina vyuo zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya uuguzi mwaka 1993. Mwaka 2001 Aga Khan wakaanza kufundisha wauguzi mjini humo, wakaweka mpango wa mwenye diploma kuhudhuria darasa siku chache za juma huku akiendelea na kazi yake. Mpango wa namna hiyo ni mzuri sana kwa mwuguzi akaaye Kampala. Kwa aliyeko Koboko, zaidi ya kilomita 500 kutoka huko, darasa la siku mbili kwa juma maana yake ni kuhama. Basi asiulize tu masomo ni miaka mingapi; aulize pia darasa ni siku zipi, na mazoezi ya wodini yatafanyika hospitali gani. Chuo kisicho na hospitali ya kutosha huwapanga wanafunzi wengi kuzunguka kitanda kimoja, na aliye nyuma haoni hata jinsi sindano inavyoshikwa. Hospitali ya Rufaa ya Arua hupokea wagonjwa wa eneo zima, na Hospitali ya Koboko hupata pia watu kutoka Kongo na Sudan Kusini. Mwanafunzi aliyepita katika wodi za namna hiyo amekutana na magonjwa mengi, na amejifunza kumhoji mgonjwa kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kibangala na Kiswahili.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mambo mawili yachunguzwe. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu huidhinisha kila programu peke yake, mbali na chuo chenyewe, na idhini hiyo ina mwisho wa muda wake. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumza juu ya programu nyingi zilizoonekana muda wake umekwisha. Chuo chenye jina kubwa chaweza basi kuwa na programu ambayo idhini yake inangoja. Jambo la pili ni Baraza la Wauguzi na Wakunga: je, linawaandikisha wahitimu wa programu hiyo? Wakala anayekaa chini ya mwembe akiahidi nafasi bila vyeti, na kutaka alipwe kwa simu, hana jibu la swali hilo.

Kisha yaja karatasi, na hapa West Nile ina matatizo yake ya pekee. Baada ya mwaka 1979 familia nyingi zilikimbilia Zaire na Sudan, na hata leo watoto wa mpakani husoma Aru, Ariwara au Yei. Cheti cha sekondari kilichotolewa nje hakina budi kulinganishwa kwanza na Baraza la Mitihani la Uganda, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Majina nayo husumbua. Mtu huandikwa jina la ukoo kwanza katika kitambulisho cha taifa, jina la dini kwanza katika cheti cha kidato cha nne, na katika leseni ya uuguzi herufi moja imebadilika. Mwombaji anayegundua hayo juma la mwisho huambiwa akale kiapo kwa wakili na kurudi, naye akirudi hukuta dirisha limefungwa. Vyeti vyote na vitandazwe mezani miezi mitatu kabla, jina lisomwe herufi kwa herufi, na leseni itazamwe kama bado haijaisha muda.

Aliyeajiriwa na wilaya anahitaji pia ruhusa ya masomo kutoka kwa Afisa Mtawala Mkuu, na askari anahitaji ya mkuu wake. Anayeondoka kwa mapatano ya mdomo hujikuta ameandikwa mtoro. Tena ajue kwamba shahada haipandishi mshahara yenyewe. Katika utumishi wa serikali mwuguzi wa cheti yuko daraja la U7, wa diploma U5, na wa shahada U4, na tangu nyongeza ya mwaka 2022 tofauti hizo zimekuwa za kutazamwa. Lakini nafasi ya juu lazima iwepo katika orodha ya wilaya, itangazwe, na mtu asailiwe na Tume ya Utumishi. Wapo wauguzi waliohitimu shahada wakarudi wodini kwa mshahara uleule wa zamani, wakangoja. Kwa hiyo yapasa kuuliza mapema, ofisini kwa wilaya, nafasi za U4 ni ngapi na ngapi kati yake ziko wazi. Hilo ni swali la haki, na karani hana sababu ya kulikasirikia.

Fedha ikipungua, Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hutoa mikopo ya masomo. Mkopo ni deni, na masharti yake na yasomwe na mume na mke pamoja.

Yapo pia mazungumzo ya nyumbani, ambayo watu huyaahirisha mpaka barua ya kukubaliwa ifike. Bwana akipewa uhamisho kwenda Karamoja au Mbarara, watoto watabaki na nani? Mama mkwe ameulizwa, au ameamuliwa tu? Usiku wa zamu ya mazoezi, nani atampokea mama barabarani? Bwana mwenye busara huketi na mkewe na kalamu, wakaandika ada, nauli, kodi ya chumba cha Arua na chakula cha watoto kwa kila muhula mpaka wa mwisho, wasiishie kwenye ule wa kwanza.

Mama wa Koboko akifika Arua asubuhi hiyo, aanze kwa msajili, aende benki baadaye. Akiambiwa nafasi za mwaka huu zimekwisha, achukue tarehe ya tangazo lijalo, apite hospitali ya rufaa kuwauliza wanafunzi waliomo wodini wanafundishwa na nani na mara ngapi kwa juma, kisha apande gari la saa tisa. Nakala za vyeti vyake azipeleke. Vyeti vyenyewe virudi naye.