Istilahi za Usafiri wa Abiria Kibiti na katika Delta ya Rufiji

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wafasiri wetu ni jina la ule usafiri unaoendeshwa na watu binafsi, usio na ratiba ya kubandikwa ukutani wala tiketi ya kuchapwa. Katika nyaraka nyingi huitwa "usafiri usio rasmi". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai, tena yaweza kumnyima mwananchi haki yake. Mifano tumeitoa Wilaya ya Kibiti, kwa kuwa huko msafiri huweza kupanda gari na mtumbwi katika safari moja.

Tuanze na barabara. Mtumishi atokaye Dar es Salaam hupanda basi Mbagala Rangi Tatu na kufuata barabara ya Kilwa. Akishashuka Kibiti au Bungu, njia za kwenda vijijini, kama zile za kata ya Dimani, ni za magari madogo, bajaji na bodaboda. Majina haya hayakutungwa ofisini. Daladala lilienea Dar es Salaam mwaka 1983, mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa kusaidiana na UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Bodaboda lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Hata kule Haiti gari la namna hii lina jina lake, nalo ni tap-tap. Sasa, daladala lina leseni, na njia yake na nauli yake hupangwa na LATRA. Pikipiki na bajaji nazo zina kanuni zake. Ni kipi basi kisicho rasmi?

Wengine hukimbilia "usafiri wa umma". Hilo nalo lina kasoro yake, maana masikioni mwa wengi neno umma bado linakumbusha mashirika ya umma, yaani mali ya Serikali. Sisi tunapendekeza "usafiri wa abiria". (Na hapa tuongeze kwamba abiria hupanda basi, hawi na haja ya "kuchukua basi", labda awe mwizi.)

Lakini tatizo kubwa liko majini. Vijiji vingi vya delta, kama vile Msala na Kiongoroni, vimezungukwa na mito na mikoko, na njia yao ni mtumbwi, mashua au boti. Mfasiri aliyezoea barabara huandika kwamba vyombo hivyo "havina ratiba". Kweli gari la kijijini huondoka likijaa watu, na msafiri hana budi kungoja kijiweni. Mtumbwi, hata ukijaa watu, hungoja pia mkondo ujae maji. Nahodha anajua saa ya maji kujaa na kupwa, na kwamba kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Anajua kuwa wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba maji mafu hayana nguvu hiyo. Hiyo ni ratiba, ila haifuati saa ya ukutani. Tangazo la mkutano lisemalo "saa tatu kamili asubuhi", bila kuangalia maji, huwaacha watu wa delta nyuma.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe: "Mgonjwa atarudishiwa nauli ya usafiri rasmi, akionyesha tiketi." Mama aliyetoka Msala kwa mtumbwi, akamalizia kwa bodaboda, hana tiketi hata moja. Karani atalisoma neno rasmi na kumkatia nauli zote mbili, naye mama yule ndiye aliyetoka mbali kuliko wote. Ingeandikwa: "atarudishiwa nauli aliyolipa kwa gari au chombo chochote cha abiria", kisha ielezwe ni nani athibitishe malipo. Itenganishwe pia nauli na kukodi. Anayepanda na wenzake hulipa nauli. Anayetaka kuondoka peke yake hukodi chombo kizima, na bei yake ni nyingine kabisa.

Lipo pia neno chombo lenyewe. Kwa watu wa pwani, chombo kikitajwa katika habari za safari ni cha majini, na mkuu wake ni nahodha. Sheria za barabarani zimelichukua neno hilo na kusema "chombo cha moto", zikikusudia gari na pikipiki. Je, mtumbwi uliofungwa mashine ni chombo cha moto? Msomaji wa delta ana haki ya kuuliza, kwa sababu mashine ile inatumia petroli kama bodaboda. Kwa hiyo amri inayohusu barabara peke yake iandikwe "gari na pikipiki", na inayohusu maji iandikwe "chombo cha majini", chenye mashine au kisicho nayo. Neno dereva libaki nchi kavu.