Mtoto Mnene Si Mlafi



Katika jamii yetu mtoto bonge husifiwa kuwa amenawiri na wazazi wake wanajiweza. Lakini si kila unene ni afya. Mafuta yakizidi mwilini hadi kuhatarisha afya, hali hiyo huitwa kiribatumbo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo walifikia milioni 160 duniani.

Madhara yake hayaishii utotoni, kwa kuwa wengi wao hubaki na hali hiyo hata ukubwani. Mafuta yanapozidi, mwili huacha kuitii insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Ndipo hufuata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Magonjwa haya hayaishi kwa dozi ya wiki moja; wengi hutumia dawa maisha yao yote, na figo zikishindwa kazi, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kila wiki. Mzigo huo huiangukia familia, hospitali na taifa ambalo bado linapambana na udumavu wa watoto.

Je, mtoto huyu ana dhambi ya ulafi? Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kuwa kiasi ni fadhila, na kwamba tendo huwa jema au baya kimaadili pale linapotoka katika akili na utashi. Mtoto wa miaka 6 hapangi chakula cha nyumbani wala hakuchagua mtaa usio na uwanja wa kuchezea. Wengine wamerithi mwili unaonenepa upesi. Kumwita "tipwatipwa" ni kumwadhibu kwa kosa lisilo lake. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi sisi wakubwa tuanze. Soda moja ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, maji na matunda yatangulie mezani. Watoto wa Utoto Mtakatifu wakimaliza mafundisho, waachiwe uwanja wa kanisa wacheze. Wanahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Nasi tukumbuke kuwa hata mwili wa mtoto ni hekalu la Roho Mtakatifu, na walinzi wake wa kwanza ni sisi.