Mama amekufa akizaa: sababu ni nini?

Ndugu mfanyakazi, jiwe likianguka ndani ya shimo na kuumiza mtu, unajua kinachofuata. Kazi inasimama. Kapita anaitwa, mashahidi wanaulizwa, mahali pa ajali panapimwa. Hatusemi «ni bahati mbaya» na kurudi kazini. Tunatafuta sababu, kwa maana sababu ikijulikana, jiwe la pili halitaua mtu.

Sasa tukuulize. Mama akifa kwa uzazi huku kwetu Bukavu, katika Kadutu, Bagira ama Ibanda, nani anatafuta sababu? Mara nyingi watu wanalia, wanazika, na maneno yanaanza kuzunguka katika mtaa: amelogwa, alificha dhambi ya ndoa, muuguzi amemuua. Maneno kama hayo yanavunja jamaa mbili, na hayaokoi mama hata mmoja.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa hai katika Kongo. Tena, kifo cha uzazi si kile cha siku ya kuzaa tu. Waganga wanahesabu kifo chochote kinachotokana na mimba, tangu mimba inapoanza mpaka siku 42 baada ya kwisha kwake.

MAITI INASEMA NINI?

Uchunguzi wa maiti unaitwa otopsi. Parke inaweza kumwagiza mganga aufanye, kama kuna shaka juu ya kifo. Jamaa wengi wanauogopa. Lakini mganga hatafuti kuharibu mwili; anasoma yale ambayo marehemu hakuweza kusema.

Akikuta viungo vyeupe visivyo na damu, mfuko wa uzazi umelegea na kipande cha kondo kimebaki ndani, anajua: mama alivuja damu. Akikuta mfuko wa uzazi umepasuka na damu imejaa tumboni, anajua: uchungu ulidumu mno, mtoto hakupata njia. Mama huyo pengine hakutoa damu nyingi nje, na wale waliokaa naye hawakuona hatari. Akikuta mrija umepasuka, mimba ilikaa mahali pasipo pake. Pengine mama mwenyewe hakujua kama ana mimba. Usaha tumboni unaonyesha kwamba vijidudu viliingia wakati wa kuzaa ama wa kutoa mimba. Damu ndani ya ubongo inaweza kuonyesha presha iliyopanda. Donge la damu katika mapafu linaeleza kifo cha ghafla ambacho mtaa ungekiita uchawi.

Ndivyo otopsi inavyomlinda mume asiye na kosa, na muuguzi aliyefanya kazi yake vizuri. Na kama kosa lipo, ama kama mama alipigwa ama kupewa sumu, jambo hilo nalo linaonekana.

MAFUNDISHO MAWILI

La kwanza ni la zamani. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, mganga Ignaz Semmelweis alisikitika kuona akina mama wengi wanakufa kwa homa ya uzazi. Rafiki yake, mganga Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu katika kazi ya kupasua maiti, akafa. Mwili wake ulipofunguliwa, ulikuwa na uharibifu uleule wa akina mama wale. Semmelweis akafahamu: waganga walitoka kwenye maiti, wakaingia katika chumba cha uzazi, na mikono yao ilibeba kifo. Akaamuru wote wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa 4 walikuwa wamekufa mama 18 kati ya 100. Mwezi wa 6 walikufa 2.

La pili ni la Afrika. Kati ya mwaka 2002 na 2004, katika hospitali kuu ya Maputo, Msumbiji, waganga walichunguza maiti za akina mama 139. Waliona kwamba zaidi ya nusu hawakuuawa na uzazi wenyewe, bali na ukimwi, nimonia, malaria kali na magonjwa mengine. Tena, katika vifo karibu 4 kati ya 10, sababu iliyoandikwa hospitalini ilikuwa na kosa kubwa. Mara nyingi mama mwenye degedege aliandikwa kifafa cha mimba, kumbe aliuawa na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo homa ya mwenye mimba si «homa tu». Ni mambo ya kupimwa siku ileile.

Huku kwetu, mganga Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alipokuwa kijana kazini Lemera aliona akina mama wakiletwa wamechelewa. Ndiyo sababu alikwenda Ufaransa kujifunza kazi ya uzazi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilikusudiwa kwanza akina mama wazae salama, kabla vita haijaipa kazi nyingine ambayo dunia yote inaijua.

WEWE UFANYE NINI?

1. Mke wako aende kliniki mapema, apimwe presha na damu, alale ndani ya chandarua.

2. Weka kando pesa ya safari, na ujue ni nani mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika saa 2.

3. Kama uko mbali kwenye shimo, acha neno nyumbani mbele ya jamaa: mama asingoje ruhusa yako.

4. Usingoje asubuhi ukiona damu nyingi, kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, ama uchungu uliopita saa 12.

5. Ukiombwa damu, toa. Ya sindano inapona. Ya mama ikiisha, hairudi.

6. Msiba ukifika, usichome fishi ya kliniki. Wauguzi wakija kuuliza mambo yalivyokwenda, saa kwa saa, waambie kweli. Uchunguzi huo wa mazungumzo unasaidia hata pale ambapo otopsi haikufanywa.

Ndugu, kofia ya chuma tunaivaa kwa sababu mwenzetu mmoja alikufa zamani na watu wakauliza: kwa nini? Mama wa watoto wako anastahili swali hilohilo. Uliza mapema, angali hai.