Haki Isiyo na Nauli

Kwa sheria, mwanamke wa Tanzania ana kinga. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Itifaki ya Maputo, inayohusu haki za wanawake wa Afrika, nchi iliiridhia mwaka 2007. Baada ya utafiti wa kitaifa wa 2015/16 kuonyesha kuwa wanne katika kila wanawake kumi wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, ulikuja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliounda kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa.

Sasa tumfuate mwanamke aliyepigwa usiku, kijijini. Anatakiwa afike polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Aipeleke hospitali ijazwe, airudishe, kisha asubiri kuitwa mahakamani. Kila hatua ni nauli, na mara nyingi anayeshika fedha za nyumba ni huyo huyo aliyempiga. Kesi ikiahirishwa mara mbili tatu, wazee wa ukoo wanakaa kikao na kumwambia yaishe nyumbani. Siku ya ushahidi haonekani, na shauri linafutwa.

Wakati huohuo taarifa ya mradi wa kupinga ukatili inapendeza: semina zimefanyika, fulana zimegawiwa, Siku 16 za Uanaharakati dhidi ya ukatili wa kijinsia zimeadhimishwa. Mwanamke ameshaelimishwa kuhusu haki ambayo hana uwezo wa kuifuata.

Mtazamo wa haki za binadamu unaanza na swali gumu zaidi: wajibu huu ni wa nani? Usalama wa mama huyu ni deni la serikali kwake, na deni halilipwi kwa semina. Vituo vya Mkono kwa Mkono vimeonyesha njia, kwa kuwaweka polisi, daktari na ofisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Lakini kamati ya kijiji isiyo na fungu katika bajeti ya halmashauri haiwezi hata kumsafirisha majeruhi mmoja, wala kumpatia pa kulala anapoogopa kurudi kwake.

Kwa hiyo tuwadai wapangaji wa miradi hesabu nyingine: mashauri mangapi yamefikia hukumu, mangapi yamekwama, yamekwamia wapi, na nauli ya shahidi ililipwa na nani. Madiwani nao waulizwe hayo kabla bajeti haijapitishwa.